Bipu Moja kwa Shangazi wa Lindi

Tangu vituo vya mabasi ya mwendokasi vichomwe Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, mwezi Oktoba 2025, nimesikia mjadala wa kila namna: vioo vilivyovunjwa, mabasi yaliyosimama, nani atalipa, nani alitumwa na nani. Swali ambalo kwetu Mbagala ndilo lilikuwa la kwanza sijalisikia likiulizwa na mkubwa yeyote. Waliokuwa mjini walifikaje nyumbani, na waliokuwa nyumbani walijuaje kwamba wamefika?

Mimi ni mtunza hesabu wa duka la vitenge Kariakoo. Siku ile ya tarehe 29 sikwenda kazini, maana ilikuwa siku ya kupiga kura na Serikali ilitangaza mapumziko. Lakini mapumziko hayamhusu mlinzi, wala muuguzi, wala mama anayeuza chai getini hospitali. Kijana wangu wa pili analinda ofisi moja Mikocheni. Ghasia zilipoanza, intaneti ikazimika nchi nzima, mabasi yakatoweka, kisha ikatoka amri kwamba Dar es Salaam mtu asionekane nje kuanzia saa 12 jioni. Sasa mchukue mtu aliyeko Mikocheni, nyumbani kwao Mbagala, hana basi wala bodaboda. Apite Morocco, Magomeni, Kigogo, Buguruni, Tandika, Mtoni. Hata akiwa na miguu ya mwanariadha, saa 12 itamkuta njiani. Amri ilihesabu saa, haikuhesabu kilomita.

Wenye umri wangu wa Temeke hatukuanza kukimbia Oktoba. Jumatano ya tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka Mbagala Kizuiani, mchana, watoto wakiwa shuleni. Daladala niliyopanda Kariakoo iligeuzia Mtoni kwa Aziz Ali, na konda akaturudishia nauli bila kuombwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo ni makubwa. Kuanzia pale ni miguu, tukipishana na umati unaokuja upande wa mjini na magodoro kichwani. Mzazi aliyekuwa mjini anakimbilia nyumbani, aliyekuwa nyumbani anakimbilia shuleni, na mtoto ameshaondoka shuleni na mwalimu au jirani kuelekea Kongowe. Wote wanatafutana, wote wanapishana. Wangu walipatikana jua likizama, baada ya msikiti mmoja kutangaza majina yao kwenye kipaza sauti. Zaidi ya watu 20 hawakupatikana wakiwa hai.

Miaka miwili haikupita. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka mabomu ya jeshi Gongo la Mboto. Uwanja wa ndege ukafungwa kwa muda, maelfu ya watu wakatembea gizani, na Uwanja wa Uhuru ukajaa familia zilizokimbia na watoto waliopotezana na wazazi wao. Siku hiyo nayo ilikuwa Jumatano, na hata ile ya Oktoba 2025 ilikuwa Jumatano. Mama mkwe wangu hatoki nyumbani Jumatano hadi leo, na mimi nimeacha kumcheka.

Baada ya Gongo la Mboto, marehemu mume wangu aliwakalisha watoto mkekani akawapa sheria. Ya kwanza: likitokea la kutokea, hakuna kutoka kwenda kumtafuta mtu. Aliyeko ndani abaki ndani, aliyeko njiani aingie mahali penye watu anaowajua. Ya pili: taarifa isije kwangu, iende kwa dada yake, shangazi yao aliyeko Lindi, mwenye simu ya kitochi ambayo chaji yake inakaa kama wiki nzima. Kila mtu amwambie shangazi, na shangazi atuambie wengine.

Wakati ule niliona ni mzunguko usio na maana. Kwa nini mtu aliyeko Buguruni ampe habari mtu wa Lindi ili inifikie mimi Mbagala? Yeye alikuwa fundi wa redio, akanieleza hivi. Mnara wa simu una nafasi zake za mazungumzo. Zikijaa, anayefuata atasikia mlio wa kukatwa tu. Jiji likishambuliwa, kila mmoja anawapigia jamaa zake wote, na jamaa hao nao wanampigia, mpaka mnara unazidiwa. Ujumbe mfupi haudai nafasi ya mazungumzo. Unasubiri zamu yake, ukipata upenyo unapita. Kwa hiyo andika mara moja, kwa mtu mmoja, aliye mbali na vurugu, asiye na sababu ya kukimbia. Ukishindwa kuandika, bipu. Bipu moja: nimefika. Mbili: nimekwama ila mzima. Tatu: nipigie sasa hivi. Bipu haikati hela, ila inataka simu iwe na salio la kuitia mlio, ndiyo maana simu za wanangu zina shilingi mia mbili tatu ambazo haziguswi hata bando likiisha.

Jioni ile ya Oktoba ilikuwa vigumu kwangu kumpata mtu kwa kupiga, na kibanda ninachonunulia vocha kilifungwa tangu mchana. Ukaingia ujumbe kutoka Lindi, wote kwa herufi kubwa kama anavyoandika wifi yangu siku zote: MWANAO YUPO KIGOGO KWA RAFIKI YAKE, MZIMA, HALALI NJIANI. KASEMA USITOKE. Nikakaa.

Sisi tuna shangazi. Uani kwa jirani yangu kuna mpangaji, kijana wa bodaboda kutoka Kigoma, ambaye hakuonekana siku zile. Mwenye nyumba anamjua kwa jina la utani tu. Ndugu zake huko Kigoma hawakuwa na namba ya mtu yeyote wa mtaani kwetu. Alirudi baadaye, kumbe alijificha Ubungo kwa wenzake. Lakini kwa muda wote ule hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kujua kama yuko hai. Dada wa kazi aliyetoka Singida, fundi cherehani aliyepanga chumba kimoja Tandika, mwanafunzi wa chuo Kimara: jiji hili linabebwa na watu ambao shangazi yao hayupo.

Kwa hao anatakiwa mtu wa umma. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Siombi kamati mpya. Naomba ile ya mtaa iwe na daftari na namba moja ya simu iliyopakwa rangi ukutani, isomeke na mpita njia. Anayefika aandikwe, anayetafutwa aandikwe, na anayepiga kutoka Kigoma ajibiwe.

Wenzetu wamepitia huko. Nairobi, Septemba 2013, jengo la Westgate lilipovamiwa, familia zilijua pa kwenda: Kituo cha Oshwal, jirani tu, ambako Msalaba Mwekundu wa Kenya uliandikisha majina ya waliokuwa wakitafutwa. London, Julai 7, 2005, mabomu matatu yalilipuka kwenye treni za chini ya ardhi na moja kwenye basi, wakafa watu 52. Treni zikafungwa, mabasi ya katikati ya jiji yakaondolewa, na watu wakarudi makwao kwa miguu. Mwaka uliofuata kamati ya Baraza la London ilitoa ripoti, na moja ya lawama zake ni kwamba manusura wengi waliachwa waondoke zao mitaani bila mtu kuchukua hata majina yao. Ikashauri ziandaliwe sehemu za kuwapokea karibu na tukio.

Ripoti hiyo hiyo ina habari nyingine inayotuhusu. Kikao cha wakuu wa vyombo vya usalama kiliamua kwamba mitandao ya simu za mkononi isifungwe kwa umma, kwa kuogopa kuongeza taharuki. Pamoja na hayo, mtandao wa kampuni moja ulifungwa kwa umma eneo la Aldgate kwa saa kadhaa. Wale walikabiliwa na mabomu halisi, na bado walihojiana kama ilikuwa halali kufunga mtandao.

Najua hoja ya upande wa pili, wa waliozima intaneti. Uongo hupita kwenye intaneti haraka kuliko ukweli, na uchochezi nao hupita humo. Sikatai. Lakini njia ile ile inayopitisha uongo ndiyo inayopitisha "nimefika". Binti wa kaka yangu anafanya kazi Muscat. Siku zile alikuwa akitazama tiki moja kwenye ujumbe wa WhatsApp aliomtumia mama yake, mchana na usiku, haigeuki kuwa mbili. Hofu yake haikuzuia kibanda chochote kuchomwa Kimara.

Intaneti iliporudi mwanzoni mwa Novemba, wengi walipokea kwenye simu zao ujumbe mfupi wa polisi, ukionya kuhusu kusambaza picha za kuleta taharuki. Sibishani na onyo hilo hapa. Ninachosema ni kwamba njia ipo. Kama inawezekana kuandikia umati wa watu kwa wakati mmoja, iliwezekana pia alasiri ya tarehe 29 kuwaandikia kwamba mwendokasi hazitembei, amri inaanza saa 12, aliyeko mbali na kwake aingie shule fulani au zahanati fulani, na kwamba askari watamwacha apite anayeelekea huko. Maneno hayo yanatosha kwenye ujumbe mmoja au miwili. Yangewapunguzia kazi hata askari wenyewe, maana mtu asiyejua aende wapi ndiye anayezurura.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa na wazo la daftari. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasema ni jambo jema na atalifikisha kwenye kikao. Nikamuuliza kuhusu ile Jumatano, ofisi ilipokuwa na kufuli wakati watu wanazunguka nje wakitafuta ndugu zao. Akacheka kidogo, akasema, "Mama, funguo anakaa nazo mtendaji." Nikamuuliza mtendaji anaishi wapi. Anaishi mbali, Chanika.