Usibadilishe Nauli Katikati ya Safari

Sote tunajua ile tabia ya makanga. Unapanda mat amesema mia. Mkishafika Thika Road na jam imeshika, anabadilisha: "Ni mia na hamsini." Hapo utashuka uende wapi? Unalipa tu, umenuna.

Serikali ya Uingereza sasa inawafanyia wanafunzi wanaotoka nje mambo hayo hayo, na Wakenya wamo ndani.

Sikieni. Aliyeanza digrii ya kwanza kule Septemba 2024 alijua hivi: nikimaliza, naomba viza ya Graduate, nakaa miaka 2 nikitafuta kazi na kufanya kazi. Kozi ni ya miaka 3, kwa hivyo anamaliza 2027. Lakini sheria imebadilishwa. Atakayeomba viza hiyo kuanzia Januari 1, 2027 atapewa miezi 18. Ni wa PhD pekee wanaobaki na miaka yao 3. Huyu mtu hajavunja sheria yoyote. Alikuwa darasani.

Mtasema miezi 6 ni kitu gani. Hebu tupige hesabu. Kabla ya kupewa viza ya masomo, lazima uonyeshe pesa za kujikimu. Tangu Novemba 2025, anayeenda kusomea London anatakiwa kuwa na pauni 1,529 za kila mwezi, kwa miezi 9. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 2, na zikae kwa akaunti siku 28 bila kuguswa. Karo hata hatujaitaja. Ongeza pauni 776 za matibabu kila mwaka. Kwetu pesa kama hizo hazitoki mfukoni mwa mtu mmoja. Ni shamba limeuzwa, ni loan ya sacco ya mathe, ni paybill inazunguka kwa group ya familia mpaka watu wanaanza kutoka kimyakimya. Ile miaka 2 ya kazi ndiyo ilifanya hesabu ikubali. Ukikata miezi 6, umekata muda wa kulipa deni la watu wengi.

Sibishi kwamba kila nchi ina haki ya kupanga nani anaingia. Na ndiyo, wapo wanaotumia viza ya masomo kama mlango wa nyuma. Lakini 2024 serikali ya wakati huo iliiambia kamati yake ya washauri wa uhamiaji ichunguze viza ya Graduate. Kamati ikasema haikuona matumizi mabaya yaliyoenea, ikashauri iachwe ilivyo. 2025, serikali iliyofuata ikatangaza kuikata.

Wengine mtaniuliza, wewe si uliacha campo, haya yanakuhusu nini? Yananihusu. Mimi niliacha kwa kuamua mwenyewe. Kuondoka kwa kupenda, na kufungiwa mlango ukiwa umeshalipia, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na sheria hizi si mvua, eti tungoje ipite. 2012 viza ya kufanya kazi baada ya masomo ilifungwa kule. Watu hawakunyamaza. 2013, chuo kikuu cha Sheffield na muungano wa wanafunzi wake walianzisha kampeni ya #WeAreInternational, na vyuo vingine vikajiunga. 2021 mlango ukafunguliwa tena. Kilichofungwa na watu kinaweza kufunguliwa na watu.

Kwa hivyo ombi ni moja: sheria mpya iwashike wanaoanza masomo baada ya kutangazwa. Aliye darasani amalize na masharti aliyoanza nayo.

Kama uko kule, kuna kitu wengi hawajui. Kenya iko kwenye Jumuiya ya Madola, kwa hivyo ukiishi Uingereza na viza halali, unaweza kujiandikisha na kupiga kura, hata ya wabunge. Jiandikishe wiki hii. Kisha mwandikie mbunge wa eneo lako: ulianza lini, utamaliza lini, uliambiwa nini.

Kama uko hapa, mtumie hii binamu yako aliye kule. Na serikali yetu, ambayo kila siku inatuambia vijana tutafute nafasi ng'ambo, iulize Uingereza swali hili rasmi. Kutusindikiza airport haitoshi.