Jeshi Lilivalishwa Sare za Msitu Kwa Nchi ya Vumbi, na Bili Ikatumwa kwa Mlipa Ushuru

Hapa Kenya unajua rada ya nguo za jungle. Zivae na wewe si mwanajeshi uone vile siku yako itaisha. Lakini ushawahi kujiuliza hayo madoadoa huchaguliwa na nani, na akiangalia nini?

Story ya Afghanistan itakushtua.

Mwaka wa 2007 jeshi la nchi hiyo lilikuwa linatafuta sare mpya, na mwenye kulipa alikuwa Marekani. Watu wakaingia intaneti kusaka muundo, wakaangukia tovuti ya kampuni ya Kanada inaitwa HyperStealth. Waziri wa Ulinzi wa Afghanistan wakati huo, Abdul Rahim Wardak, akacheki picha, akapenda moja ya kijani, ya msituni. Ikapita. Hivyo tu, vile wewe hupenda raba kwa simu usiku.

Sasa shida iko hapa. Misitu ni kama asilimia 2 tu ya Afghanistan. Kwingine kwingi ni milima ya mawe, vumbi na jangwa.

Na haya madoadoa si fashoni. Kazi yake ni kuvunja umbo la mtu ili jicho la adui lipite bila kushtuka. Ndiyo yafanye kazi, rangi lazima ifanane na ardhi mtu amesimama. Mvalishe kijani kwa mlima wa kahawia, anaonekana kama sukuma juu ya ugali. Wewe ukinunua raba mbaya, unachekwa na mabeste. Huyu akivalishwa sare mbaya, ni risasi.

Miaka kumi ikapita. Juni 2017, John Sopko, mkaguzi maalum wa Marekani wa pesa za kujenga Afghanistan, akaachilia ripoti. Sare zilikuwa zimekula karibu dola milioni 94. Kati ya hizo, hadi milioni 28 huenda zilitumika bure. Kwa nini? Muundo ulikuwa mali ya kampuni binafsi, na Marekani ilikuwa na miundo yake yenyewe ingetumia. Ile inauma zaidi: hakuna aliyepima kwanza kama hiyo kijani inaficha mtu huko kuliko miundo mingine.

Usidhani ni waziri wa watu tu alilala. Marekani yenyewe mwaka wa 2004 ilivalisha jeshi lake madoadoa ya kijivu, eti yafanye kazi mjini, jangwani na msituni. Wanajeshi wenyewe wakalalamika yanawaanika. Kufika 2010, walio Afghanistan walipewa muundo mwingine, na 2014 jeshi likatangaza sare mpya ya wote. Ukitaka kitu kimoja kifiti kila mahali, mwishowe hakifiti mahali.

Agosti 2021 Taliban waliingia Kabul na lile jeshi likasambaratika. Sare haikuwa sababu. Lakini ganji ilishaenda, na aliyelipa hakuwa kwa hiyo meza ya kuchagua.

Kwa hivyo siku utasikia serikali yoyote, hata yako, imenunua kitu cha mamilioni, usiulize tu bei. Uliza nani alikipima, na alikipima wapi. Mwenye kuchagua huwa kwa ofisi. Mwenye kuvaa ndiye husimama kwa mlima.