Sarafu za bibi zisiuzwe kwa mizani pekee

Madini ya fedha yalipopita dola 50 kwa wakia mwezi Oktoba 2025 na kuvunja rekodi iliyodumu tangu 1980, habari hiyo haikuwahusu wenye migodi peke yao. Iliwagusa pia wenye sarafu kuukuu zilizofungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku la bibi. Hata hivyo, bei hiyo nzuri ndiyo inayoziweka hatarini, kwa kuwa mnunuzi aliye karibu mara nyingi ni sonara au dalali mwenye mizani, na sarafu ikishayeyushwa hairudi.

Mizani hupima madini tu. Rupia ya fedha ya wakoloni wa Kijerumani, iliyotumika kuanzia 1890 katika eneo ambalo leo ni Tanzania Bara, Rwanda na Burundi, ina uzito wa gramu 11.66, na takriban asilimia 92 yake ni fedha halisi. Kwa bei ya dola 50 kwa wakia, madini hayo yana thamani ya dola 17 hivi. Shilingi ya simba ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ina robo tu ya fedha, sawa na dola 3. Shilingi za kuanzia 1948 hazina fedha hata kidogo.

Mkusanyaji wa sarafu huangalia mengine: mwaka, alama ya kiwanda, hali ya sarafu na wingi wake. Sarafu ya rupia 2 ya Kijerumani ilitolewa ya miaka 1893 na 1894 tu, hivyo bei yake huzidi mbali ile ya madini. Riyali ya Sultani Barghash wa Zanzibar ya mwaka 1299 Hijria nayo ni adimu, sawa na florini ya Afrika Mashariki ya 1921.

Umri peke yake si kigezo. Riyali ya Maria Theresa, iliyozunguka sana Uhabeshi, Oman na pwani yetu, huandikwa 1780 hata ikiwa imetengenezwa karne ya 20. Nyingi huuzwa karibu na bei ya madini yake.

Wengi pia hujipunja kwa kuisugua sarafu kwa majivu au dawa ya meno ili ing'ae. Kwa mkusanyaji, sarafu iliyosuguliwa imeharibika.

Suala jingine ni la sheria. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inakitambua kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kukitoa nje kunahitaji kibali. Rupia ya Mombasa ya 1888 imo humo. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inaweka mpaka wake kwa vitu vya aina hiyo kabla ya 1863, kwa hiyo hata rupia ya kwanza ya Kijerumani haifikiwi. Sarafu moja inaweza kuwa urithi upande mmoja wa Namanga na bidhaa ya kawaida upande wa pili. Pengo hilo humfaa dalali.

Shilingi ya simba ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika tangu 1921, na Zanzibar tangu 1936, hadi kila nchi ilipofungua benki kuu yake mwaka 1966. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisaini itifaki ya sarafu moja mwaka 2013. Lengo la 2024 limepita na sasa linatajwa 2031. Kuoanisha miaka ya sheria za urithi ni kazi ndogo kuliko hiyo, na haihitaji kusubiri.

Kwa familia, hatua ni rahisi: usisugue, piga picha pande zote mbili, soma mwaka, na uulize makumbusho au mkusanyaji zaidi ya mmoja kabla ya kumfuata mwenye mizani.