"Bora Asijue" kwa Faida ya Nani?

Jamani waandishi wenzangu, kuna sentensi moja imenichosha: "Bora mama asijue." Niliisikia Mugango, barazani kwetu, baada ya jirani kujifungua mtoto mwenye mdomo wa sungura. Mtoto alishindwa kunyonya, maziwa yakawa yanamtokea puani. Siku ya 5 alikuwa amekonda kama kijiti, na mama kafungiwa ndani kama mwizi. Wazee walisema mkosi. Shangazi mtu akakumbuka eti mwezi wa 6 wa mimba yule mama alimcheka kilema mwaloni.

Uongo mtupu! Mdomo wa mtoto huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, wakati wengi hata hawajajijua kama ni wajawazito. Sasa kicheko cha mwezi wa 6 kingepasua nini?

Tena mama huyo alipigwa altrasaundi. Swali la ukoo lilikuwa moja tu: wa kiume au wa kike? Uso hakuna aliyeuulizia. Na kati ya wiki ya 18 na ya 22, mtaalamu akiutazama uso vizuri, mpasuko wa mdomo mara nyingi huonekana. Sisemi mtambo ni Mungu. Mpasuko mdogo unaweza kupita, na kaakaa lililo wazi peke yake ni vigumu sana kuonekana. Ndiyo maana kila kichanga lazima akaguliwe kinywa mpaka ndani.

Mtanibishia: "Utamtisha bure!" Atatishika, ndiyo. Lakini atakuwa na miezi 4 ya kulia, kuuliza, kujifunza kukamua maziwa na kumnywesha mtoto kwa kikombe akiwa amemshika wima, na kudunduliza nauli ya kwenda Bugando, Mwanza, ambako midomo hiyo hushonwa. Mdomo hushonwa mtoto akifikisha miezi 3 hivi, kaakaa baadaye. Ukimficha, hofu haiondoki. Inamsubiri chumba cha kuzalia, siku ambayo hana nguvu.

Na sisi je? Hadithi ngapi tumeandika ambamo mdomo uliopasuka ni alama ya laana? Wenye midomo hiyo nao wanasoma! Kalamu zetu zimesaidia kumfungia mama yule mlango. Yangu nimeitubisha. Wewe yako vipi?