Mzee, Hicho Kigiriki Umekitoa Wapi?

Jumapili moja hivi karibuni nilibaki kwenye mkutano wa waumini baada ya ibada. Nilikaa benchi la nyuma, karibu na dirisha, maana joto la Dar mnalijua. Ajenda ilikuwa paa. Mama mmoja, mhasibu mstaafu, akasimama na kidaftari chake akauliza swali moja tu: michango ya mabati imefikia kiasi gani, na iko kwenye akaunti ipi?

Kabla mhazini hajakohoa, mzee mmoja wa kanisa akanyanyuka na Biblia yake. Akasema Timotheo wa Kwanza sura ya 2 imeshakata mzizi wa fitina, na kwamba kwenye Kigiriki neno lililotumika ni hesukia, maana yake kufunga mdomo kabisa. Wengine wakaguna, wengine wakaitikia amina. Mama wa watu akakaa.

Jamani, mimi ni mwandishi wa habari. Mtu akikwepa swali la fedha kwa Kiswahili nimeshazoea. Akilikwepa kwa Kigiriki, nakwenda kukitafuta hicho Kigiriki.

Kwanza, kichekesho. Biblia aliyoishika mzee ni ile ya Union ya 1952, ambayo wengi wetu tumekua nayo. Pale pale kwenye mstari wa 11 na wa 12, imeandikwa "utulivu". Habari Njema ndiyo iliyoweka "kukaa kimya". Kwa hiyo mzee aliruka Kiswahili kilichokuwa mkononi mwake, akakimbilia Kigiriki, akarudi na maana ambayo Biblia yake mwenyewe haikuiandika.

Sasa hilo neno. Hesukia kama nomino limo mara 4 tu katika Agano Jipya lote. Mara 2 ni hapo kwa Timotheo. Mara moja ni Matendo 22:2, umati wa Yerusalemu uliokuwa ukipiga kelele unamsikia Paulo akiongea lugha yao, unatulia ili asikike. Hapo nakubali, ni kunyamaza, siwezi kudanganya. Lakini ya nne ni 2 Wathesalonike 3:12, ambapo watu wavivu wanaozungukazunguka na kuingilia ya wenzao wanaambiwa wafanye kazi kwa hesukia na wale chakula chao wenyewe. Kama maana yake ni kufunga mdomo, basi mafundi na wachuuzi wa Thesalonike waliamriwa wawe mabubu. Jaribu kuuza samaki Feri asubuhi bila kufungua mdomo, uone kama utapata hata nauli ya kurudia.

Ndugu zake neno hili nao wana ushahidi. Kivumishi chake kimo kwenye sura hiyo hiyo ya 2, mstari wa 2, Wakristo wanapoombea wenye mamlaka ili waishi kwa amani. Wote hao, wanaume kwa wanawake. Mbona sijasikia mzee akituambia sisi wanaume tuishi kimya maisha yetu yote? Kitenzi chake kimo Luka 23:56, wale wanawake waliotoka kaburini wanapumzika siku ya Sabato. Kimo pia Matendo 11:18, ndugu wa Yerusalemu wanatulia baada ya maelezo ya Petro, na sentensi hiyo hiyo inasema wakamtukuza Mungu kwa maneno. Walitulia, wakasema. Kutulia hakukuwazuia.

Kama Paulo alitaka neno la kufunga kinywa, lilikuwepo: fimoo. Amelitumia ndani ya barua hiyo hiyo, sura ya 5 mstari wa 18. Na linamhusu ng'ombe apuraye nafaka, tena kwa kukataza asifungwe! Ng'ombe anatetewa kinywa chake, halafu mhasibu mstaafu anafungwa cha kwake kwa mstari wa jirani.

Najua mtaniletea 1 Wakorintho 14:34. Haya. Pale neno ni lingine, sigao, na kweli ni kunyamaza. Ila sura hiyo inalitumia mara 3: mstari wa 28 kwa anayenena kwa lugha asipokuwepo mfasiri, wa 30 kwa nabii mwenzake akipata ufunuo, ndipo wa 34 kwa wanawake. Wale wawili wa kwanza wananyamaza kwa muda, kwa sababu fulani, kisha wanaendelea na maisha. Na sura ya 11 mstari wa 5 wa barua hiyo hiyo inazungumzia mwanamke anayesali na kuhutubu, sharti tu afunike kichwa. Anahutubuje akiwa kimya? Mstari wa 35 unasema wakawaulize waume zao nyumbani. Mama yule ni mjane.

Kuhusu mwanamke kufundisha, mstari wa 12 una ugomvi wa kweli. Kitenzi kilichotafsiriwa "kumtawala" hakipatikani pengine popote katika Agano Jipya, na wasomi wanagawanyika kweli kweli. Anayetaka mjadala huo namheshimu. Lakini kuuliza salio la benki si kufundisha, wala si kumtawala mtu. Ukisoma mstari wa 11 kwa makini, amri iliyomo ni kwamba mwanamke ajifunze. Alikuwa anajaribu kujifunza ziliko fedha zake!

Nilimfuata mzee nje, chini ya mwembe, nikamwamkia, nikamwomba anionyeshe alikosoma hiyo tafsiri. Akasema alisikia kwenye semina. Nikamuuliza ya mabati. Akaniambia, "Kijana, hayo tutayaongea kwenye kikao cha wazee."

Kikao kimepita. Mama ameandika barua kwa mhazini, kurasa mbili, na nakala ninayo.