Siri ya komite na kaye ya komite

Mwaka huu komite ya wajitoleaji wanaokwenda kusaidia wagonjwa hospitalini kila siku ya posho ilichagua watu 12 katika 31 walioandika majina. Hatuna neno juu ya wale 12, wanafanya kazi muzuri. Neno letu ni hili: hakuna karatasi hata moja inayoonyesha namna walivyochaguliwa. Tulipouliza, tulijibiwa: «Ile ni siri ya komite.» Karatasi zote zilichomwa jikoni siku ileile.

Tunaelewa juu ya nini walizichoma. Mwaka uliopita maneno yalitoka inje. Mtu alisema mu komite kwamba nyumbani kwa mwenzetu fulani kuna ugonjwa, na mbele ya chakula cha jioni internati muzima ilikuwa inajua. Mwenzetu alilia siku mbili. Nani atapenda tena kuandika jina lake? Siri ni ya lazima, hatubishani.

Lakini mwenye kuchoma hatunzi kitu. Kuna dada mmoja wa darasa la 4 ambaye amekataliwa mara ya tatu. Akiuliza sababu, komite ya leo haijui ya jana, maana wale waliokuwamo wamemaliza masomo na kwenda zao. Labda ilikuwa umri, labda chuki tu. Na siku komite itasingiziwa kwamba inachagua watu wa kwao, itajitetea na nini? Na majivu?

Tuangalie wakubwa. Mwaka 2018 Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, kule Bukavu, alipewa zawadi ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad. Mwaka ule kulikuwa majina 331. Komite yao ya watu 5 kule Norvège ilitangaza wazi sababu ya kuwachagua hawa wawili. Majina ya wengine na uchunguzi juu yao hayachomwi: yanafungiwa miaka 50, kisha wenye kuchunguza historia wanaweza kuomba kuyasoma. Tena sheria yao inakataza kuandika mabishano ya wanakomite. Basi kuandika na kunyamaza vinaweza kukaa mu kabati moja. Hata Matendo ya Mitume, sura ya 1, inatuandikia majina mawili, la Matiya aliyechaguliwa na la Yusufu Barsaba ambaye kura haikumwangukia. Maneno mabaya juu ya Yusufu hatuyaoni.

Sisi si watu wa Nobel, miaka 50 ni mingi kwetu. Tunaomba kaye moja na bahasha. Mu kaye iandikwe tarehe, waliokuwapo, kipimo kilichotangazwa mbele, majina yote, na hesabu ya kura bila kusema nani alipiga namna gani. Kama mwanakomite ni ndugu ya mwenye kuomba, iandikwe kwamba alitoka inje. Kwa kila aliyekataliwa, sababu moja fupi, na yeye mwenyewe akitaka asomewe yake, si ya mwenzake. (Tafazali isiwe kaye ya mtu ya hesabu, kurasa zitakatwa.)

Mambo ya ugonjwa na ya nyumbani yaingie mu bahasha, ifungwe na gundi, na siku mwanafunzi anamaliza masomo ichomwe mbele yake. Hapo moto uko na kazi yake.

Wengine wanasema: tukiandika, watu wataogopa kusema kweli mu komite. Kweli ya namna gani ile, isiyoweza kuandikwa kwa mstari mmoja? Mara nyingi tuliyoiona ilikuwa masengenyo.

Komite mpya itaingia mwezi wa kenda, na sisi wa darasa la 6 hatutakuwa hapa. Feza ya kaye tumekwisha kuichanga. Inabaki Bwana Prefe atuambie ufunguo wa kabati utakaa kwa nani. Sisi makapita tunaomba usikae kwa kapita.