Mtoto Naye Aandikwe

Jirani na Thika na Ruiru pana Mang'u, walikofungua misheni Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1906. Sheria ya Kanisa yailazimu kila parokia kuweka vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Uingereza amri kama hiyo ilitolewa 1538. Hivyo mzee asiye na cheti cha kuzaliwa huweza kwenda parokiani akatafutiwa jina lake na la wazazi wake.

Je, sisi? Kadhi huandika ndoa na talaka. Mtoto twamwadhinia sikioni, kisha basi. Akiulizwa kwenye ofisi ya vitambulisho, atashuhudiwa na nani, nasi wakubwa tumekwisha kufa? Aya ndefu kuliko zote katika Kurani yatuamuru kuandika deni. Nauliza: deni laandikwa, mtoto aachwe? Kila msikiti, Thika hata Lamu, naufungue daftari.